Kabla ya Kubadilisha Cheni ya Dizeli ya Zamani, Ipime

Dizeli ya zamani ikianza kukereketa upande wa mbele wa injini, kila mtu Maskati anajua ugonjwa wake. Jirani atasema cheni. Muuza spea wa Ruwi atasema cheni. Fundi wa sanaiya ya Wadi Kabir hatosubiri hata uzime gari, ameshashika spana. Huenda wote wamesema kweli. Lakini cheni ya taimingi ni kitu kinachopimika, tena kwa nambari, bila ya kufungua zaidi ya kifuniko cha valvu, na mwenye kukubali ibadilishwe kabla ya kupimwa amelipia dhana. Makala haya ni kwa mwenye gari ya namna hiyo. Si lazima ashike spana mwenyewe, ila ajue kazi inavyokwenda, kwa sababu hapa asiyejua ndiye anayelipa mara mbili.

Anza kwa kuhakikisha kwamba gari yako ina cheni. Swali linaonekana la kitoto, lakini watu wananunua spea kwa kuambiwa. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ inatumia mkanda wa mpira, na hata kwenye dashibodi kuna taa ya kukumbusha kuubadilisha. Hilux za 2L, 3L na 5L ni mkanda vilevile. Land Cruiser za zamani zaidi, za 3B na 2H, pamoja na Nissan Patrol ya TD42, hazina mkanda wala cheni. Zinakwenda kwa gia tupu, na mwenye nayo anaweza kuyafunga makala haya akaendelea na kahawa yake. Wenye cheni ni kina Land Rover ya dizeli ya lita 2.25, Mitsubishi Pajero ya 4M40, ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaijua kwa karibu, na Mercedes za dizeli karibu zote: 240D na 300D za umbo la W123, kisha 190D na W124 zilizofuata.

Dizeli ndogo za abiria si nyingi Maskati. Petroli imekuwa rahisi hapa kwa miaka mingi, na mtu akitafuta gari ya familia hafikirii dizeli. Kwa hiyo aliyebaki na 300D leo ni kwa mapenzi, au ni urithi wa mzee. Mfano wangu utakuwa injini hiyo, OM617 ya silinda tano, kwa sababu ndiyo inayosomesha vizuri. Kanuni zake zinafaa kwa nyingine nyingi, lakini vipimo ni vyake peke yake. Mwenye Pajero atafute vya 4M40.

Cheni hairefuki kwa kuvutika chuma. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo, kidogo sana, na kidogo hicho kikizidishwa kwa viungo vyote cheni nzima inakuwa ndefu: kama tasbihi ambayo punje ni zilezile lakini uzi umelegea. Cheni ikiwa ndefu, kamshafti inachelewa nyuma ya krankshafti, na pampu ya dizeli inachelewa nayo. Valvu zinafunguka baada ya wakati wake, dizeli inaingia baada ya wakati wake, gari inakuwa nzito asubuhi, inatoa moshi, na nguvu ya kupanda kilima inapungua. Haya yanakuja polepole hata dereva anayazoea. Mwisho wa safari hiyo ni cheni kuruka meno au kukatika. Kwenye dizeli nafasi baina ya valvu na pistoni ni ndogo mno, hivyo valvu zinapigwa, na hapo habari ya cheni imekwisha, unazungumzia injini.

Mlaji mkubwa wa pini hizo ni masizi. Dizeli inapoungua hutoa masizi, mengine yanashuka kwenye oili, na oili nyeusi iliyokaa muda mrefu inasaga kama mchanga laini. Maskati tuna tabia moja inayoharakisha jambo hili: kukaa ndani ya gari iliyosimama, injini inawaka, eyakondishani inapuliza, tukisubiri watoto watoke skuli au mke atoke dukani. Nani atakulaumu mwezi wa Julai, nje joto limepita nyuzi 40? Lakini saa hizo hazihesabiwi kwenye kilomita. Gari inayoonyesha kilomita chache inaweza kuwa na saa nyingi za injini, na cheni inahesabu mizunguko, haihesabu barabara. Ndiyo maana mimi simwamini anayesema cheni ibadilishwe ikifika kilomita kadhaa. Gari mbili za mwaka mmoja, moja ya safari za Nizwa na nyingine ya foleni za Al Khuwair, haziwezi kuwa na cheni ya hali moja.

Basi ipime. Iache gari ilale usiku mzima. Chomoa waya hasi wa betri, toa kifuniko cha valvu, na upate boksi ya 27 inayoingia kwenye bolti ya mbele ya krankshafti. Ukitoa hita plagi, injini itazunguka kwa mkono bila ya kushindana na mgandamizo. Nyuma ya gia ya kamshafti kuna ringi yenye alama ya mkwaruzo, na kwenye nguzo ya kwanza ya kamshafti kuna alama inayoelekea nayo. Chini, kwenye puli ya krankshafti, kuna digrii zilizochorwa na kidole cha chuma kinachozionyesha. Zungusha kwa kufuata mwendo wa saa, taratibu, mpaka alama za juu zikutane sawasawa, na silinda ya kwanza iwe katika mgandamizo, yaani ncha mbili za kamshafti za silinda hiyo zimetazama juu. Kisha soma chini. Kama cheni ingekuwa haijalika kabisa, kidole kingekuwa kwenye sifuri au karibu yake. Ikionyesha digrii mbili au tatu, funga, ukanywe chai. Ikifika tano, anza kuweka fedha. Ikikaribia kumi, usiiendeshe tena zaidi ya kuipeleka gereji.

Hapa wengi hukosea jambo moja. Ukipitiliza alama, usirudishe nyuma. Ukirudisha, upande wa cheni uliokuwa umekaza unalegea, kipimo kinakuwa uongo, na cheni iliyochoka inaweza hata kuruka jino. Endelea mbele mizunguko miwili kamili ya krankshafti, kwa sababu kamshafti inazunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili, na uanze upya. Pima mara mbili au tatu. Fundi akikwambia hana haja ya kupima kwa kuwa ana sikio, mshukuru, halafu mwambie apime.

Na kelele je? Kelele ya asubuhi ya sekunde chache, kisha ikanyamaza, mara nyingi ni tensheni ya cheni iliyomwaga oili yake usiku. Ikishajazwa na pampu ya oili inakaza, na kelele inakwisha. Kelele inayokuja injini ikiwa moto na iko silensa ni jambo la kutazamwa kwa jicho jingine: geji ya oili. Kwenye Mercedes hizi geji inakwenda mpaka 3. Ukiwa barabarani sindano itulie juu kabisa. Ikiwa silensa na moto inaruhusiwa kushuka, lakini si chini ya 0.3. Ikishuka zaidi, cheni mpya haitokusaidia kitu. Na kuna kelele nyingine ya hapohapo mbele ambayo watu huisingizia cheni: pampu ya vakiumu, ile inayosaidia breki. Kwenye injini zilizofuata, OM602 na OM603, bearingi ya pampu hiyo ikivunjika vyuma vyake huangukia kwenye cheni na kuimaliza injini nzima. Ukiwa na mojawapo ya hizo, itazame pampu kwanza, hata kama cheni ni nzima.

Tuseme kipimo kimetoka kibaya. Sasa nenda kwenye spea, na uende mwenyewe. Barabara ya Honda kule Ruwi ina maduka ya kutosha, na kisichopatikana huletwa kutoka Sharjah, ambako gari za zamani hufunguliwa vipande vipande. Za Sharjah ni nzuri kwa mlango, taa au hata puli. Kwa cheni na tensheni, usikubali kilichotumika, hata uapiwe. Nunua cheni mpya ya kampuni inayojulikana. Iwis ya Munich ni moja katika zinazotengeneza cheni za namna hii, na jina hupigwa kwenye vipande vya cheni yenyewe, si kwenye boksi tu. Boksi la kuiga ni rahisi kuchapwa. Pamoja na cheni nunua tensheni, reli za plastiki ambazo cheni inateleza juu yake, na gaskiti ya kifuniko cha valvu. Cheni mpya juu ya reli zilizolika na tensheni iliyochoka ni fedha iliyotupwa, hili sitalipamba.

Kuna njia mbili za kuibadilisha. Moja ni kufungua mbele yote: rediyeta, feni, puli, kifuniko cha mbele. Njia nyingine ni kuivuta cheni mpya kwa kutumia ya zamani, na ndiyo inayofanywa mara nyingi kwenye OM617. Mimi naipendelea hii ya pili kwa sharti moja: meno ya gia yawe mazima. Mulika tochi kwenye gia ya kamshafti. Meno yakiwa yamepinda mfano wa ndoana, usidanganyike, gia za chini nazo zimefika huko, na hakuna njia ila kufungua mbele.

Kuivuta kunataka watu wawili wenye subira. Tensheni inatolewa kwanza. Shimo la cheni linazibwa kwa vitambaa safi pande zote, kisha kiungo kimoja juu ya gia ya kamshafti kinasagwa kichwa cha pini kwa grenda ndogo mpaka pini itoke. Chengachenga zote zishikwe na kitambaa na sumaku. Kipande kimoja kikianguka ndani, kazi inasimama mpaka kipatikane, asije mtu akakwambia kitakaa kwenye sampu. Cheni mpya inaunganishwa na ncha ya ya zamani kwa kiungo cha muda. Mmoja anazungusha krankshafti kwa boksi ya 27, polepole, kwa kufuata mwendo wa saa. Wa pili anapokea cheni ya zamani inavyotoka na kuikaza, huku cheni imefungwa kwenye gia ya kamshafti kwa vibanio ili isiinuke hata jino moja. Kamshafti, ikisukumwa na springi za valvu, itataka kuruka mbele ghafla mahali fulani. Anayezungusha alijue hilo, na asishituke akavuta nyuma. Hakuna kugusa swichi, hakuna kuipigia stata ili iende haraka. Ncha ya cheni mpya ikishazunguka na kurudi juu, inaunganishwa kwa kiungo cha kudumu, na pini zake zinapigwa kwa kifaa chake maalumu. Nyundo na chuma cha kuegemea si kifaa maalumu. Kama gereji haina kifaa hicho, hiyo si gereji ya kazi hii.

Tensheni nayo ina adabu zake. Ya OM617 inatumbukizwa kwenye oili na kusukumwa mara kadhaa mpaka hewa itoke, ndiyo irudishwe. Zile za injini za OM601 hadi OM603 zina meno ya kufunga ndani. Ukiilegeza kidogo halafu ukaikaza tena bila ya kuitoa yote na kuirudisha pistoni yake mwanzo, itakaza cheni kupita kiasi, na cheni mpya itaanza kulia siku ileile.

Baada ya hapo zungusha kwa mkono mizunguko miwili, utazame alama tena. Sasa zinatakiwa zikutane juu na chini. Zisipokutana, kuna mtu aliyepita kabla yako. Katika gari za zamani fundi wa nyuma huwa ameshaona cheni imechelewa, na badala ya kuibadilisha aliweka ufunguo wa gia uliopindishwa, unaosogeza kamshafti mbele digrii chache. Ufunguo huo upo, unatengenezwa kwa makusudi, na kwa cheni iliyolika kidogo si dhambi. Lakini ukiuacha na cheni mpya, kamshafti itakuwa mbele ya wakati. Toa gia, tazama, na uweke ufunguo ulionyooka.

Jambo hilohilo liko kwenye pampu ya dizeli, na hapa ndipo kazi nyingi za Wadi Kabir na Ghala zinapoharibikia mwisho. Pampu huenda ilishageuzwa zamani ili kufidia cheni. Cheni mpya ikishaingia, dizeli inapigwa mapema kuliko inavyotakiwa, injini inagonga kwa ukali, na mwenye gari anasema alikuwa bora na cheni ya zamani. Kwa hiyo pampu lazima ipimwe upya: digrii 24 kabla ya pistoni ya kwanza kufika juu. Njia ya gereji ndogo ni ya matone. Vali ya juu ya silinda ya kwanza ya pampu inafunguliwa, dizeli inasukumwa kwa pampu ya mkono, injini inazungushwa taratibu, na pale mtiririko unapokatika ukawa tone moja kila sekunde, unasoma puli. Fundi anayejua Mercedes anaijua njia hii. Asiyeijua atakwambia ataweka kwa kusikiliza. Hapo mchukulie gari yako uondoke, hata kama cheni ameifunga vizuri.

Kwa kuwa kifuniko cha valvu kiko wazi, rekebisha valvu papo hapo: 0.10 ya milimita za kuingiza, 0.30 za kutoa, na 0.35 kama ina tabo. Vipimo hivi ni vya injini baridi, na Maskati wakati wa kiangazi injini haipati baridi kirahisi; iliyoendeshwa mchana iache mpaka alfajiri. Mimi ningeiweka kazi yote Desemba au Januari, kama cheni inakuruhusu kuchagua. Mtu aliyepigwa na jua tangu asubuhi hasomi digrii mbili vizuri, na serikali yenyewe inakataza kazi za uwanjani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Gereji yenye kivuli na isiyopitiwa na upepo wa vumbi ni bora kuliko yenye bei ndogo. Cheni iliyo wazi na vumbi havipatani.

Kuhusu kuzungumza na fundi: wengi ni watu wa Kerala, Punjab na Bengali, na lugha itakuwa Kiarabu cha sokoni, Kihindi kidogo na vidole. Usimkalie kichwani, ila mkubaliane kabla. Cheni ya zamani na tensheni ya zamani zirudi kwako ndani ya mfuko. Kipimo cha digrii, cha kabla na cha baada, kiandikwe kwenye karatasi ya hesabu. Usilipe yote mpaka umeiwasha mwenyewe asubuhi yake ikiwa baridi, kwa sababu jioni, injini ikiwa na joto, kila dizeli inawaka. Mwite kwa heshima, mletee maji baridi, na usimwambie aharakishe kwa kuwa una harusi Sur.

Siku ya kwanza oili na filta ziwe mpya. Baada ya kilomita mia chache imwage tena, kwa sababu kusaga na kuvuta kumeacha uchafu, na ipitishe sumaku oili iliyotoka. Kama gari inakwenda kwenye fahs ya polisi kwa ajili ya mulkiya, ipeleke baada ya oili hiyo ya pili, moshi ukiwa umetulia. Na safari ya Salala ya kwenda kuona kharifu iahirishe. Ni kilomita zipatazo elfu moja, sehemu kubwa ni jangwa tupu, na brekdauni kutoka Haima itakugharimu zaidi ya cheni uliyoibadilisha.